Tahadhari: "fundi" wa AC aliyenijazia gesi ya kupikia na kuondoka na kompresa yangu

Ndugu zangu wenye magari hapa Dar, hasa mnaokwenda Ilala na Gerezani kutafuta vipuri, naomba mnisome mpaka mwisho. Nimepigwa shilingi 620,000. Imeniuma, lakini kinachoninyima usingizi ni kingine: kwa siku kumi na moja nimempeleka mwanangu shule kwenye gari lililojazwa gesi ya jikoni, na bomba lake linapita ndani ya dashibodi, mbele ya magoti yake.

Ilianza hivi. AC yangu ilikuwa inapoa vizuri nikiwa kwenye mwendo. Asubuhi mapema Barabara ya Bagamoyo ikiwa nyeupe, mpaka nafunga sweta. Nikikwama kwenye foleni, dakika tano tu, hewa inageuka vuguvugu. Foleni ikifunguka, ubaridi unarudi. Shikeni dalili hiyo, kwa sababu jibu lote lilikuwa humo na mimi sikulijua.

Nilikuwa nimeegesha nje ya duka la vipuri, vioo viko chini, najipepea na bahasha. Kijana akaja mwenyewe. Sikumtafuta. Ana geji zake mbili za kupimia presha, nyekundu na bluu, ana mtungi wa samawati, ana heshima. "Shikamoo dada. AC inasumbua eh? Gesi imeisha hiyo." Boneti ilikuwa bado haijafunguliwa.

Akafunga geji injini ikiwa imezimwa. Mishale yote miwili ikasimama pamoja, akanionyesha kwa kidole: "Unaona dada, iko chini." Mimi nitajuaje? Nikakubali 80,000. Akajaza kwa kukadiria, akiutikisa mtungi sikioni kama mtu anayepima nazi. Hakuwa na mzani. Hakuwa na pampu ya kunyonya hewa. Akaniambia niwashe gari, nibonyeze AC. Kompresa, ile pampu inayoizungusha gesi, haikushika. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Dada, pole. Kompresa imekufa. Ukiiacha itamwaga vyuma kwenye mfumo wote, utanunua kila kitu."

Hapo niliogopa. Nikachukua video ya sekunde kumi na tano nimtumie mume wangu aone kilichotokea. Baada ya nusu saa kijana alikuwa amerudi na kompresa "ya Japani, imetoka kwenye gari lililogongwa nyuma", 540,000, kufunga bure. Alifungua mabomba, gesi yote ikatoka kwa mluzi mrefu, akafunga ile aliyokuja nayo, akajaza tena. Tukazunguka mtaa mmoja, ikapoa. Nikalipa. Ile ya zamani akaiweka kwenye kiroba: "Hii chuma chakavu tu dada, usijichafue."

Siku hiyo hiyo jioni, kwenye foleni, vuguvugu. Nikampigia. Akasema gesi mpya lazima izoee. Kesho yake hakupokea. Siku ya tatu namba haipatikani.

Niliendelea kutumia gari hivyo hivyo, Mungu anisamehe. Asubuhi ya siku ya kumi na moja nimewasha feni, mwanangu akasema, "Mama, gari linanuka kama jiko." Nikainamisha uso kwenye tundu la hewa. Ilikuwa harufu ile ile ya mtungi wa gesi unapofungua rejuleta bila kuwasha kiberiti, kama kitunguu kilichooza. Nilizima gari pale pale, nikafungua milango yote minne, tukapanda bajaji.

Jirani alinielekeza kwa fundi mmoja mzee. Kabla hajagusa kitu aliwaambia vijana wake waliokuwa wanachomelea wazime, gari likasukumwa mpaka uwanjani. Akafungua kifuniko cha vali, akabonyeza kidogo kwa bisibisi, akanusa, akaniita ninuse na mimi. "Mwanangu, R134a, gesi halisi ya AC ya gari, haina harufu hii. Hii inatakiwa iwe chini ya sufuria ya maharage."

Nimejifunza mengi kwake siku ile kuliko miaka yote niliyoendesha, na nayaandika hapa kama alivyonieleza ili mwingine asisimame njia panda kama mimi.

Gesi ya AC haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua, ina mahali inapovuja, na anayekujazia bila kutafuta pale anakuuzia kitu kitakachopotea tena. Magari mengi tunayoagiza Japani yanatumia R134a, na kiasi chake kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Gari langu ni gramu 450 tu. Kiasi hicho hakikadiriwi kwa kutikisa mtungi; kinapimwa kwa mzani. Ukizidisha, presha inapanda, ubaridi unapungua, na swichi ya presha inaweza kuikata kompresa kabisa.

Ule mchezo wa mishale miwili sasa naujua. Injini ikiwa imezimwa, presha ya pande zote mbili huwa sawa, na mradi gesi haijakaribia kuisha kabisa, inategemea joto la siku hiyo, siyo wingi wa gesi. Kwenye nyuzi 30 R134a iliyotulia husoma karibu psi 97 (psi ndicho kipimo cha presha kwenye geji), iwe mna gramu 200 au 450. Kwa hiyo mtu anayekuonyesha geji gari likiwa limezimwa na kusema imepungua au imejaa, hajakuonyesha chochote. Usomaji wenye maana ni injini ikiwa inaunguruma na AC imewashwa: upande wa presha ndogo kama psi 25 hadi 40, upande wa presha kubwa kama 150 hadi 250, na joto letu likizidi unaweza kupita hapo kidogo.

Basi tatizo langu lilikuwa nini? Mzee aliwasha gari baada ya kuitoa ile gesi yote na kuujaza mfumo upya, akaniita nisimame mbele ya grili. "Sikiliza. Feni ya kondensa inazunguka?" Haikuzunguka. Gari likitembea, upepo wa barabarani unaipoza kondensa, ile rejeta ya AC iliyo nyuma ya grili. Likisimama, feni ndiyo inayotakiwa kufanya kazi hiyo. Akachomoa relei moja, yaani swichi ndogo ya umeme, kwenye kisanduku cha fyuzi, akaweka nyingine. Feni ikavuma. Relei hiyo ni shilingi 18,000. Gesi yangu ya mwanzo haikuwa na shida yoyote.

Na kompresa? Nilimwonyesha ile video niliyomtumia mume wangu. Aliisimamisha sekunde ya tisa, akaikuza kwa vidole viwili. Soketi ya waya wa klachi ya kompresa, ile inayoiunganisha na mzunguko wa injini, inaning'inia, imechomolewa. Yule kijana aliichomoa wakati mimi nipo kwenye usukani nasubiri aniambie niwashe. Kompresa isiyopata umeme haiwezi kushika hata ikiwa mpya ya dukani. Nimeitazama video ile mara nyingi mno. Mkono wake unaonekana pembeni kabisa, unapita haraka.

Ile niliyouziwa, mzee aliipitisha ukucha. Rangi ya fedha ikabanduka kama ganda la kidonda, chini yake kuna kutu na mafuta yaliyokauka kwenye sili. Imepigwa rangi ya kopo tu. Na kwa kuwa mfumo uliachwa wazi kisha ukajazwa bila kunyonywa, hewa na unyevu viliingia, ambavyo vikichanganyika na oili huzaa asidi inayokula vyuma kutoka ndani. Ikabidi asafishe kwa naitrojeni, abadilishe draya (kifaa kinachofyonza unyevu) na oili, awashe pampu ya kunyonya hewa dakika arobaini na tano, azime, tukae dakika ishirini tukitazama kama mshale utarudi, maana ukirudi kuna mahali panapovuja. Haukurudi. Ndipo akaweka mtungi kwenye mzani.

Kuhusu gesi ya kupikia naomba mnielewe vizuri, kwa sababu nimeshasikia watu wakisema "mbona inapoza". Ndiyo, inapoza. Propani na butani zilizomo humo ni gesi za kupozea kweli. Lakini mfumo wa gari lako haukutengenezwa kwa gesi inayoshika moto. Evaporeta, kile kipozeo cha hewa mnayopuliziwa, iko ndani ya dashibodi. Ikivuja hapo, gesi inaingia mnapokaa, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inatulia chini miguuni. Cheche moja inatosha. Rangi ya mtungi isikudanganye, maana mtungi wa samawati unajazwa chochote. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya kusafirisha mizigo kwa meli yalilipuka na kuua mafundi kwa sababu yalijazwa R134a ya bandia iliyochanganywa kloridi ya methili, kemikali ambayo ikikutana na aluminiamu huzaa kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Watu wale walikuwa kazini kama mafundi wetu.

Wenye haibridi kama Prius na Aqua, kwenu ni zaidi. Kompresa yenu inaendeshwa kwa umeme mkubwa, na inahitaji oili maalumu isiyopitisha umeme. Mtu wa barabarani akikumiminia ile ya kawaida anakuharibia kompresa, na kompresa hiyo bei yake ni kilio.

Kwa hiyo mtu akikufuata kwenye maegesho, mshukuru, pandisha kioo. Ukiwa gereji, kagua vya bei ndogo kwanza: chujio la hewa la ndani, fyuzi, relei, feni, kondensa iliyozibwa na vumbi. Akisema inavuja, mwambie apake povu la sabuni akuonyeshe. Akisema kompresa imekufa, mwombe apime umeme kwenye soketi ya klachi mbele ya macho yako. Na kifaa chako cha zamani ni mali yako. Kiingie kwenye buti lako hata kama kimekufa kweli. Hilo la mwisho ndilo ninalojilaumu nalo zaidi, kwa sababu nina hakika kompresa yangu nzima imeshauzwa kwa mtu mwingine.

Nimeripoti polisi, nimepewa RB, na video nimewakabidhi. Sura yake siiweki hapa, nawaachia wao.

Kama kuna aliyeuziwa kompresa ya mtumba maeneo hayo wiki hizi, aitazame upande wa chini karibu na sikio la bolti. Yangu ina mkwaruzo mrefu wenye umbo la saba, ulitokana na jiwe safari ya Morogoro. Ukiuona, sikudai kitu. Naomba tu uje tuandikishe maelezo pamoja. Na kabla hujawasha tena AC hiyo, nusa kwanza kwenye tundu la hewa.