Alteneta kwenye Massey ya zamani: waya ulioungua na fundi asiyetaka kuulizwa

Na alteneta yenyewe, ile mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri, sina ugomvi. Nina ugomvi na fundi mmoja wa Babati mjini aliyeifunga kwenye Massey Ferguson 135 yetu.

Trekta ilikuwa na dinamo, mashine ya kuchaji ya kizamani. Injini ikiunguruma polepole, dinamo haichaji cha maana, na sisi msimu wa kulima tunalima usiku, taa zote zinawaka. Asubuhi ni kusukuma. Ndiyo maana nikaamua kubadilisha. Fundi akatoa dinamo na kataut, yaani swichi inayozuia umeme wa betri kurudi kwenye dinamo, akachomea breketi, mkanda ukakaa sawasawa. Akageuza na betri, kwa sababu yetu ilikuwa imefungwa upande wa chanya kwenye bodi ya trekta, na alteneta ukiifunga hivyo daiodi zake za ndani, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zinakufa papo hapo. Hapo nilimpa heshima yake.

Lakini waya wa chaji! Aliuacha uleule wa zamani uliokuwa ukibeba ampea 22 za dinamo. Alteneta ni ya ampea 65. Nikamwuliza, "Fundi, waya huu utahimili?" Hata hakuniangalia. "Mama, wewe kalime, umeme tuachie wenyewe." Vijana wake wakacheka.

Hazikupita siku nyingi. Usiku, betri imeshuka, alteneta ikasukuma nguvu zake zote, moshi ukafumuka kwenye dashibodi. Ganda la waya limeyeyuka, geji ya chaji imeungua. Dereva aliwahi kuchomoa kichwa cha betri, na tangi la dizeli la Massey hii liko juu ya injini! Nikampigia fundi. "Trekta zee hilo, mlitegemea nini?" Akakata simu.

Fundi mwingine alivuta waya wa milimita za mraba 10 kutoka alteneta moja kwa moja hadi betri, bila kupitia geji, akaweka fyuzi karibu na betri, na balbu ya taa ya chaji, maana alteneta hii huamshwa na umeme unaopita kwenye balbu hiyo. Sasa trekta inawaka kwa stata kila asubuhi. Raha tupu.

Nilitaka kusema kwa breketi mwendeeni yule wa kwanza, waya mpeni mwingine. Mkono anao kweli. Lakini nikikumbuka kile kicheko, hapana, msiende. Na geji yangu hajailipa mpaka leo.