Uzoefu wangu na programu ya mazoezi ya kuhesabu michemraba kwa mtihani wa DAT

Nimetumia programu ya mtandaoni inayouza mazoezi ya sehemu ya utambuzi wa maumbo katika DAT, mtihani ambao American Dental Association, chama cha madaktari wa meno wa Marekani, huwapa wanaoomba kusomea udaktari wa meno nchini Marekani, na hapa nitazungumzia kipengele chake kimoja tu, yaani maswali ya kuhesabu michemraba. Zana yake ya kuzalisha maumbo mapya inastahili fedha nilizolipa. Mbinu inayofundishwa kwenye video zake, kwa maoni yangu, haistahili, na mwanafunzi atafaidika zaidi akichukua maswali yao na kuyafanyia kazi kwa utaratibu mwingine nitakaoueleza.

Kwa sisi tuliomaliza kidato cha sita Tanzania, sehemu hii ni ngeni kabisa. Nyumbani mtu huingia kusomea udaktari wa meno, kama pale Muhimbili, kwa ufaulu wake wa masomo ya sayansi, na hakuna anayemuuliza mwombaji kwamba karatasi iliyokunjwa na kutobolewa itakuwa na matundu mangapi ikikunjuliwa. DAT huuliza hayo na mengine ya namna hiyo: maswali 90 kwa dakika 60, ya aina sita, kila aina maswali 15, na michemraba ni aina ya tano. Alama za sehemu hii haziingizwi katika wastani wa masomo, bali hutolewa peke yake, jambo ambalo huwafanya baadhi ya watahiniwa waidharau.

Swali lenyewe ni rahisi kulieleza. Unaonyeshwa mchoro wa michemraba yenye ukubwa sawa iliyogundishwa pamoja, kisha unaambiwa kwamba umbo zima limepakwa rangi kila upande ulio wazi, isipokuwa upande wa chini lilipokalia. Unachotakiwa kusema ni michemraba mingapi yenye nyuso mbili zilizopakwa rangi, au tatu, au nne. Kwa kuwa upande wa chini haupakwi, hakuna mchemraba unaoweza kuzidi nyuso tano. Kanuni inayowasumbua wengi ni ile ya michemraba isiyoonekana: iliyofichika ni ile tu inayohitajika kuibeba mingine. Ukiona mchemraba kwenye ngazi ya tatu, amini kwamba chini yake ipo miwili hata kama mchoro umeificha, lakini usibuni kitu nyuma ya mnara mrefu ikiwa hakuna mchemraba unaoonekana kubebwa mahali hapo.

Video za programu hufundisha kusoma swali kwanza, kisha kulizunguka umbo kwa macho ukitafuta michemraba yenye idadi ya nyuso iliyotajwa. Kasoro yake ni kwamba umbo moja huja na maswali kadhaa, kwa hiyo unalizunguka upya kwa kila swali, na kila mzunguko ni nafasi nyingine ya kuruka mchemraba au kuuhesabu mara mbili. Utaratibu ulio bora ni kuchora jedwali dogo lenye safu za 0 hadi 5 mara tu umbo linapotokea, kabla hata ya kusoma linaulizwa nini, na kupita mnara mmoja baada ya mwingine, kutoka kileleni hadi chini, ukitia alama kwenye safu inayohusika. Jedwali likikamilika, maswali yote ya umbo hilo yamejibika, na kinachobaki ni kusoma namba.

Chukua umbo dogo la mfano. Nyuma kuna minara mitatu iliyoshikana kwa mstari, na kutoka kushoto kwenda kulia ina michemraba mitatu, miwili na mmoja. Mbele ya mnara mrefu umewekwa mchemraba mmoja zaidi, hivyo jumla ni saba. Wa juu kabisa una nyuso tano zilizopakwa, wa katikati ya mnara huo una tatu, na wa chini yake una mbili. Mnara wa pili una mchemraba wa nyuso nne juu na wa nyuso mbili chini. Ule ulio peke yake kulia una nne, na ule wa mbele una nne. Jedwali litasomeka hivi: nyuso tano mmoja, nyuso nne mitatu, nyuso tatu mmoja, nyuso mbili miwili. Ukijumlisha unapata saba, kwa hiyo hakuna uliorukwa.

Hata hivyo, jumla ya michemraba haigundui mchemraba uliouweka kwenye safu isiyo yake, na hapa ndipo video hizo zilipaswa kusema neno ila hazikusema. Njia ya kuhakiki ni kuhesabu nyuso badala ya michemraba. Nyuso za juu zilizopakwa ni sawa na idadi ya minara, na nyuso zinazotazama mbele ni sawa kwa idadi na zinazotazama nyuma, kwa sababu kila mfululizo wa michemraba inayogusana, kutoka mbele kwenda nyuma, huanza na uso mmoja wa mbele na kuishia na uso mmoja wa nyuma. Kushoto na kulia ni vivyo hivyo. Katika mfano wetu, za juu ni 4, za mbele ni 6 na za kushoto ni 4, kwa hiyo jumla ni 4, mara mbili ya 6, na mara mbili ya 4, yaani 24. Jedwali nalo linatoa 5, 12, 3 na 4, ambazo pia ni 24. Uhakiki huu haufai kufanywa kwa kila umbo siku ya mtihani, kwani wastani wa muda ni sekunde 40 kwa swali, lakini wakati wa mazoezi unakuonyesha mara moja kwamba umekosea, bila kungoja programu ikusahihishe.

Nikirudi kwenye programu, kilichonipendeza zaidi ni kwamba maumbo hayaishi, na baada ya kujibu unaweza kuligeuza umbo huku kila mchemraba ukiwa na rangi inayolingana na idadi ya nyuso zake. Uwezo huo wa kugeuza ungepaswa kufungwa kabla ya jibu kutolewa. Katika hali ya mazoezi umeachwa wazi, na kwa kuwa mchoro wa mtihani hausogei, anayezoea kuugeuza anajifunza ustadi ambao hataruhusiwa kuutumia. Bahati nzuri mipangilio inakuruhusu kuuzima. Kiwango kigumu kabisa nacho kimepita kiasi, kwa maumbo makubwa ambayo hayafanani na yale ya mazoezi rasmi ya chama chenyewe. Tena programu bado hutoa alama kwa kipimo cha zamani cha 1 hadi 30, ilhali tangu Machi 2025 DAT hutumia kipimo cha 200 hadi 600.

Kwenye simu mistari ya michoro husongamana mno, kwa hiyo tumia kompyuta, tena ukiwa na kibao cha kuandikia na kalamu ya wino unaofutika, kwa sababu jedwali utalichora kwa mkono hata kituoni. Michemraba ni kati ya aina chache katika sehemu hii ambazo utaratibu peke yake unaweza kukupa karibu alama zote, na kwa kuwa mtihani unaruhusu kuruka swali na kulirudia ndani ya sehemu hiyohiyo, mimi huona ni busara kuifanya mapema, kabla maswali ya matundu na yale ya kulinganisha pembe hayajachosha macho. Muda ukikubana, usiache swali wazi, maana jibu lisilo sahihi halikatwi alama.

Programu huuzwa kwa vipindi, na anayehitaji michemraba pekee achukue kile kifupi zaidi. Aliyekwisha kuzoea jedwali na anayekosea kwa nadra anaweza kubaki na mazoezi rasmi tu, asinunue kabisa.