Dosie ya babu ilikuwa palepale: uzoefu wangu na katalogi mpya ya nyaraka Lubumbashi

Babu yangu alifanya kazi Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba hapa Katanga, tangu ujana mpaka alipopewa pensheni. Kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, alituachia picha moja iliyofifia na kadi iliyopasuka yenye namba yake ya kazi. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kutafuta dosie yake kwenye nyumba moja ya nyaraka hapa mjini, nikatoka mikono mitupu. Mwezi uliopita nilirudi palepale na kuipata kabla saa moja haijaisha. Dosie yenyewe haikuwa imehama rafu. Kilichobadilika ni njia ya kuifikia, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa.

Safari ile ya kwanza nilisema namtafuta Mwamba, mfanyakazi aliyetoka upande wa Kabinda. Nikaletewa orodha iliyopigwa taipureta, ya Kifaransa: biro fulani, sanduku namba fulani, kuanzia mwaka huu hadi mwaka ule. Kurasa nzima bila jina la mtu. Nilidhani ni uzembe, lakini baadaye nilielewa kwamba ni kanuni, tena ya zamani. Tangu 1841 Ufaransa iliagiza karatasi za ofisi moja zikae pamoja, zisichanganywe na za ofisi nyingine kwa kufuata mada, na nchi nyingi zikaiga. Kanuni hiyo ni nzuri, kwa sababu ukiona karatasi zimekaa kama ofisi ilivyoziacha, unaelewa kazi ilivyokuwa ikienda. Shida ni kwamba inamtaka msomaji ajue kwanza ofisi gani iliandika nini. Mimi nilikazana na Union Minière peke yake, kumbe watu wengi walioletwa Katanga kufanya kazi walipitia Bourse du Travail du Katanga, shirika la kuandikisha wafanyakazi lililoanzishwa 1910. Karatasi za safari ya babu zilikuwa sanduku moja, za kazi yake sanduku lingine, na hakuna mstari hata mmoja uliosema kwamba hizi na zile zinamhusu mtu mmoja.

Sasa kuna kompyuta mbili kwenye chumba cha kusomea, na katalogi hiyohiyo inafunguka hata kwenye simu. Wameandika upya maelezo ya kila fungu, yaani karatasi zote za ofisi moja, kwa kufuata ISAD(G), utaratibu wa Baraza la Kimataifa la Nyaraka. Una vipengele 26, na sita kati yake ni vya lazima kama maelezo yatabadilishwa kati ya nchi na nchi: namba ya rejea, kichwa, aliyeziandika karatasi, tarehe, ukubwa wa fungu na ngazi yake, yaani kama ni fungu zima au dosie moja. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Lakini vipengele sita hivyo peke yake visingenifikisha kwa babu.

Kilichonifikisha ni majina. Wameweka orodha ya watu na mahali, na kila jina limefungwa pamoja na ndugu zake. Ukiandika Likasi, unaletewa pia Jadotville. Kalemie inaleta Albertville. Lubumbashi inaleta Élisabethville, maana mji huu uliitwa hivyo mpaka 1966. Kijana wa leo hana sababu ya kukumbuka majina hayo ya wakoloni, lakini karatasi hazijui jina lingine. Kwa majina ya watu ni vilevile. Karani alisikia Mwamba akaandika Muamba. Karani mwingine akaandika Mouamba. Halafu ikaja 1972, serikali ya Mobutu ikakataza majina ya Kikristo, na mtu aliyekuwa Joseph kwenye karatasi za zamani akawa na jina lingine kwenye karatasi za pensheni. Mashine ikiachwa hivihivi itasema ni watu wawili. Ni binadamu anayekaa akasoma, akalinganisha, akasema hapana, huyu ni mmoja.

Mama anayehudumia chumba hicho hakuniuliza jina kwanza.

«Papa, uko na namba yake ya kazi?»

Nikampa kadi. Namba haina tahajia, haibatizwi, haibadilishwi na serikali. Kadi ilikuwa imepasuka kwenye tarakimu ya mwisho, kwa hiyo zikatoka dosie kadhaa. Akapunguza kwa Kabinda, akapunguza kwa miaka, zikabaki mbili. Akageuza kioo upande wangu: «Njo huyu?»

Ndiye. Jina la chifu wake, la kijiji chake, la bibi, na uzito wake siku alipofika kambi ya wafanyakazi. Kilo 52. Nilikaa muda mrefu mbele ya tarakimu hizo mbili. Mama yule aliniacha nikae.

Kuna mambo yanayoniuma. Nilijaribu kutafuta «mgomo», nikiwaza mauaji ya wagomaji ya tarehe 9 Desemba 1941 katika mji huu, hakikutoka kitu. Nikaandika neno la Kifaransa, fishi za maelezo zikamiminika. Katika mji ambao mama anauza sokoni kwa Kiswahili na padri anahubiri kwa Kiswahili, mada nazo zinastahili Kiswahili, na si kazi ngumu kwa watu waliokwisha kuunganisha Jadotville na Likasi. Pia dosie zilizoskaniwa zimeandikwa kwa mkono, kwa hiyo kompyuta haisomi ndani yake; inasoma maelezo tu. Msidhani picha ya karatasi inatosha. Picha isiyo na maelezo imepotea sawa na karatasi. Na umeme ukikatika, mnasubiri.

Jambo lingine lililonipa moyo: chini ya fungu wameandika kwamba nyaraka za makao makuu ya Union Minière ziko Brussels, kwenye hifadhi ya taifa ya Ubelgiji. Mstari mmoja tu, lakini unamwokoa mtu na miezi ya kuulizauliza.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ukienda, chukua kadi yoyote ya zamani yenye namba, na waulize wazee wa nyumbani majina yote ambayo mtu wenu aliwahi kuitwa, hata ya utani.

Hilo la mwisho lina sababu. Kuna fomu ya kupendekeza marekebisho. Niliandika kwamba jina la bibi limekosewa herufi, na kwamba kambini babu aliitwa Baba Kabwe, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wiki mbili baadaye shangazi yangu, ambaye hajui Kifaransa, aliomba simu yangu akaandika kwa kidole kimoja: Baba Kabwe. Dosie ikatokea ya kwanza.