ATM za maji Mathare: bei nimeipenda, tangi bado nalisubiri

Mimi nauza chai na githeri Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, na kazi hii inakula maji kuliko makaa. Siku ya kawaida namaliza mitungi minane ya lita 20. Kwa hiyo nikisema mashine za maji za Grundfos zimetusaidia, nasema kwa hesabu.

Grundfos ni watengenezaji wa pampu kutoka Denmark, kazi waliyoianza 1945. Mathare waliingia 2015, wakishirikiana na kampuni ya maji ya jiji, wakaweka hizi tunazoziita ATM. Unatia pesa kwenye kadi. Ukifika unaiweka kwenye mashine, salio linaonekana, maji yanakuja, na unakatwa kwa yale uliyochota tu. Walianza na senti 50 kwa mtungi. Wachuuzi walikuwa wakituuzia kwa shilingi 5, na maji yakiadimika wanapandisha watakavyo. Kwa mitungi yangu minane, hiyo ni shilingi 4 badala ya 40. Mtu anayeuza chai anajua shilingi 36 kila siku ni kitu gani.

Halafu mashine haijui mtu. Mtoto akitumwa maji analipa sawa na mama yake, hapunjwi, na hana sarafu za kupoteza njiani. Wangu anaitundika kadi shingoni kwa uzi.

Lakini mimi hasa naisifu kwa usafi. Wanaoishi huku wanaijua ile mipira ya plastiki inayopita ndani ya mitaro ya majitaka, imeungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Presha ikishuka, uchafu wa mtaro unanyonywa kupitia viungo hivyo, na ndiyo maji tunayoletewa nyumbani tunywe. Kipindupindu hakitoki mbali. Kwenye mashine unachota mbele ya macho yako, kutoka bomba la jiji.

Sasa lililobaki. Mashine haitengenezi maji. Nairobi inategemea sana bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, na lilipopungua 2017 jiji lote likaingia kwenye mgao. Bomba likikauka, mashine inayotegemea bomba hilo nayo imekauka, na wachuuzi wa mikokoteni wanarudi na bei yao. Mwaka huo kuna mmoja aliniuzia mtungi kwa shilingi 30, tena maji yenye rangi. Nililipa kwa sababu sufuria ilikuwa motoni na wateja wameketi.

Kwa hiyo kampuni yoyote inayopeleka mashine kama hizi mitaa ya namna yetu, Kenya au kwingineko, ilete na tangi kubwa la kuhifadhi maji kwa siku za mgao. Na ifundishe vijana wa hapo hapo kuzitengeneza, wawe na vipuri karibu. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema maji safi ya kutosha ni haki ya kila mtu, na haki hiyo haina siku ya mapumziko.

Kama umehamia Mathare juzi, chukua kadi mapema, usisubiri shida. Weka mitungi miwili ya akiba nyumbani, imefunikwa vizuri. Na ya mkokoteni ukilazimika kununua, uliza yamechotwa wapi, kisha uyachemshe.