Springi yao imekatika pikipiki ikiwa imeegeshwa

Springi ya nyuma ya Bonneville yangu, pikipiki ya zamani ya Triumph, imekatika vipande viwili pikipiki ikiwa imeegeshwa. Hakuna aliyeipanda, haikuwa na mzigo, haikuingia shimoni. Jioni niliiacha nzima kwenye stendi ya pembeni. Asubuhi nikaikuta imebonyea nyuma upande wa kulia na kipande cha springi kiko sakafuni.

Kiwanda cha Triumph cha Meriden, Uingereza, kilifungwa 1983, kwa hiyo wenye pikipiki hizi tunaishi kwa spea zilizotengenezwa upya. Hilo silalamikii hata kidogo. Miezi kadhaa iliyopita nilinunua kwa muuzaji huyu ninayemwandikia maoni haya springi za foku (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele), za valvu za injini, na jozi ya nyuma yenye kromu. Zote zilifika zimefungwa vizuri.

Nilipompigia simu hakuniuliza hata imekatikia wapi. "Mzee, ulipakia mzigo mzito." Nikamweleza kwamba ilikuwa imesimama tu. Akarudia maneno yaleyale, safari hii kwa sauti ya juu. Nikamuuliza swali moja: springi zilipotoka kwenye kromu, mlizioka? Akacheka. "Kuoka? Kwani sisi tunauza mikate?"

Nimekasirika hadi leo, kwa sababu swali lile ndilo lenye kazi yote. Chuma cha springi ni kigumu sana. Kikioshwa kwa asidi na kutiwa kromu kwa umeme, hidrojeni hupenya ndani yake na kukifanya kiwe chepesi kuvunjika. Dawa yake inajulikana: springi iingie kwenye tanuri mapema, takriban nyuzi joto 200, ikae humo saa kadhaa hadi hidrojeni itoke. Isipofanyiwa hivyo haikatiki siku hiyohiyo. Inafungwa, inabeba uzito, inakaa, kisha siku moja inaachia ghafla, hata pikipiki ikiwa imetulia. Yangu imekatika hivyo hasa: mkato mkavu kama wa chaki, waya haukujipinda popote. Na huo mzigo mzito anaousema ungeilaza springi, ifupike. Nimeivua ya kushoto nikaipima, urefu wake ni uleule iliokuja nao. Mzigo gani huo uliochagua upande mmoja?

Haki yao niwape. Springi za foku ni nzuri mno, sijawahi kupata bora kuliko hizo. Kazi hiyo si rahisi: unene wa waya ukipungua kwa asilimia 5 tu, ugumu wa springi unashuka kwa karibu asilimia 19, na mbele yote inakuwa legelege. Wao waliupatia. Hata nikishika breki kwa nguvu foku haigongi chini, na kwenye kona pikipiki inafuata mstari wake bila kuyumba. Hizo springi ningezinunua tena kesho. Za valvu nazo sina neno nazo. Kwa kweli nilipoanza kuziandika hizi sifa nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu.

Lakini hapohapo ndipo hasira inaponirudia. Mtu anayeweza kukunja waya kwa usahihi ule anashindwaje kuwasha tanuri? Halafu akaniahidi fidia ya springi moja, kutoka kundi lilelile, yenye kromu ileile! Mke wangu hukaa kwenye kiti kile cha nyuma. Ingekatika tukiwa kwenye mwendo, tena konani, simu ile ingepigwa na mtu mwingine.

Nyota moja, na hiyo ni ya foku. Nyuma nimeshafunga jozi nyeusi ya muuzaji mwingine, imepakwa rangi tu, haijatiwa kromu; naye nilipomuuliza aliniambia sababu kabla sijamaliza swali. Ukiwa na jozi ya kromu kutoka kwa hawa, usingoje ikatike moja. Vua zote mbili leo, kabla hujampakia mtu.