TV ya kuangalia muvi: acheni kuuliza inchi, ulizeni giza

Tangu hela ya korosho ianze kuingia meseji zangu zimejaa kitu kimoja tu, TV. Dada mmoja wa Tandahimba kanunua inchi 55 mpya, kaifunga ukutani, usiku kaweka Sinners aangalie na wanawe, akaniandikia "dada hii muvi mbona haionekani, naona meno na macho tu". Kaka wa Nachingwea yeye analalamikia Vuta N'Kuvute, anasema sehemu za usiku ni ukungu wa kijivu mwanzo mwisho, bora hata TV yake ya zamani ya chogo. Wote wawili wanadhani muvi ndio mbovu.

Jamani muvi sio mbovu! Sinners kaipiga Autumn Durald Arkapaw kwa mikanda ile mikubwa ya filamu ya milimita 65, ikiwemo ya IMAX, stori ya Mississippi mwaka 1932, Michael B. Jordan kacheza mapacha wawili, na mambo mazito karibu yote yanatokea usiku mmoja ndani ya kilabu cha muziki na nje yake. Kwangu mimi ndio muvi bora kuliko zote nilizoangalia siku za karibuni, na sio kwa ajili ya damu na wanyonya damu, ni ile sehemu kijana anaimba halafu wanatokea watu wa zamani na wa miaka ijayo wanacheza katikati ya watu wa kilabu, kamera inapita taratibu katikati yao. Ukiiangalia kwenye TV isiyojua giza nusu ya watu waliomo humo huwaoni, yaani umeibiwa muvi na hujui. Na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ile iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, watu wanasema inaenda polepole, mimi naipendea hapohapo, Yasmin na Denge wanaongea kwa kutazamana kuliko kwa mdomo, sasa kama uso hauonekani umebaki na nini?

Watu wanauliza inchi, wanauliza ina YouTube, wanauliza 4K. Siku hizi karibu zote za saizi ya sebuleni zinavyo hivyo vitu kwa hiyo sipotezi muda navyo. Hakuna anayeuliza sehemu nyeusi ya picha inakuwa nyeusi kweli au inakuwa kijivu. Na sisi ndio tungetakiwa kuuliza wa kwanza maana sura tunazotaka kuziona ni za watu weusi, na muvi nzuri kibao zinapigwa usiku au ndani ya nyumba yenye taa moja. TV mbaya inafanya moja kati ya mawili, ama inameza sura ya mtu yote, ama inamwaga kijivu skrini nzima mpaka mtu na ukuta wanafanana.

Sababu yenyewe iko hivi. TV nyingi madukani ni LCD, hata iliyoandikwa LED kwenye boksi, LED ni ile taa ya nyuma tu. Taa hiyo inawaka muda wote hata muvi ikiwa usiku wa manane, na paneli ya mbele ndio inajaribu kuuziba mwanga, kama pazia mbele ya taa. Paneli ya IPS ni pazia jepesi, kontrasti yake, yaani tofauti ya mwanga na giza, inacheza kwenye 1000 kwa 1. VA ni zito, inaanzia kama 3000 kwa 1 na nyingine zinapita 5000. Mini LED wamegawa taa ya nyuma vipande vingi, kipande cha sehemu yenye giza kinafifishwa au kinazimwa. OLED haina taa ya nyuma kabisa, kila nukta inajiwasha na kujizima yenyewe. Na lile chogo nalo halikuwa na taa ya nyuma, penye giza palikuwa hapawaki, kwa hiyo kaka wa Nachingwea yuko sahihi kabisa kulikumbuka.

Halafu kuna hii QLED. QLED ni habari ya rangi, haikuhakikishii weusi hata kidogo, na wala sio ndugu yake OLED. Nimeshasikia kwa masikio yangu muuzaji pale mjini Mtwara anamwambia mzee wa watu "hizi ni zilezile baba, herufi tu", na mzee akatoa hela.

Kabla ya kulipa fanya hivi. Nenda na flash yako yenye muvi ya usiku, mwambie aweke, atoe modi ya Vivid au Dynamic aweke ya sinema, azime taa ya upande huo kama inawezekana. Angalia sura ya mtu mweusi kwenye kivuli, unaona shavu, unaona paji la uso, au unaona macho tu? Angalia na ile mistari myeusi ya juu na chini ya picha, kama inang'aa kijivu achana nayo. Kisha sogea pembeni kabisa, kwa hizi za LCD rangi zikipauka ukiwa pembeni mara nyingi ni VA, zikibaki vilevile ni IPS. Najua sebule zetu watu wanakaa mpaka mkekani pembeni na IPS inawafaa hao, ila mwenye mapenzi na muvi akae katikati anunue VA.

Na flash yenyewe iwe na faili la maana. Muvi ya masaa mawili iliyobanwa ikawa MB 700 sehemu za giza zinakuja na viboksi viboksi hata kwenye TV ya mamilioni, usije ukailaumu TV kwa kosa la kibanda kilichokuwekea muvi.

Namba moja kwangu ni TCL za C, yaani namba ya modeli inaanza na C, zenye mini LED, na sifichi, TCL ndio naipenda, watengenezaji wa paneli zao CSOT ni kampuni yao wenyewe na VA ndio kazi yao. Ila kuwa makini na namba, C sio kila C. C645 na C655 ya kawaida ni QLED tu, hazina mini LED. Unayoitaka ni C755, C845, C855, au zile za mwaka 2025, C6K, C7K na C8K. Soma namba kwenye stika nyuma ya TV yenyewe, boksi usiliamini. Ukiweka Sinners humo moto wa usiku unawaka na nyuso zote zilizouzunguka unaziona, na anga juu yao jeusi.

Namba mbili OLED za LG. Kwa picha tupu hakuna LCD ya kuigusa, mwenye hela zake sina la kumzuia. Naishusha kwa sababu ya bei, na kwa sababu nyumba zetu nyingi TV inawaka kutwa kwenye chaneli moja, ile logo ya pembeni ikikaa hapohapo miezi na miezi inaweza kubaki imejichora kwenye skrini.

Namba tatu TCL za P, kwa anayejibana. Hazina vipande vya kuzima lakini ukipata yenye VA giza lake linaheshimika. Namba nne Hisense U7, nzuri sana kwa kweli, za miaka ya karibuni ni mini LED, wapenzi wa Hisense watanuna kuiona hapa lakini mimi macho yangu yameshazoea TCL na ndio yanayonunua. Hisense za A zipimeni moja moja, paneli zinabadilika kulingana na saizi. Samsung za Crystal zinapita, LG za LCD za kawaida nyingi zimekuwa za IPS, za mpira na taarifa ya habari hizo.

Za chini ya laki tatu zenye majina mapya kila mwaka, kwa katuni za watoto sawa. Kwa muvi ya usiku hapana.

Sasa wauzaji. Kila duka linaonyesha kasuku, maua na milima ya theluji, mwanga mtupu, sijawahi kuona wamewasha mtu mweusi usiku. Ukiomba kuweka flash unaambiwa italeta virusi. Ukiomba risiti bei inapanda hapohapo, risiti ambayo ni haki yako! Msimu wa korosho ukianza, TV ileile uliyoiona mwezi wa saba inakuwa na laki na nusu juu. Mwaka 2024 mafuriko na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar kule Somanga tuliambiwa bei imepanda sababu ya njia, tukaelewa, watu walikuwa wamekwama kweli, lakini barabara ikapitika malori yakaja na bei ikabaki kulekule juu. Na waranti unaambiwa ipo, ikiharibika peleka Dar mwenyewe, kilomita mia tano na zaidi umebeba kioo.

Ndio maana siku hizi nawaambia watu mwenye ndugu wa kuaminika Kariakoo amtume, apige picha ya stika ya nyuma kabla ya kulipa, achukue risiti. Kwenye basi boksi lisimame wima, lisilazwe na gunia juu yake. Ikifika stendi ya Mkanaledi hapa Mtwara iwashwe palepale ofisi ya basi kabla hujasaini, na wakikataa kuiwasha usisaini.