Mlango wa nje Mbeya: mninga au msindano?

Anayebadilisha mlango wa nje hapa Mbeya atakuta mbao za msindano, kama zile za shamba la Sao Hill wilayani Mufindi, zikiuzwa kwa bei ya chini kuliko mninga, lakini bei ya mbao si gharama yote. Msindano usiotiwa dawa huliwa na mchwa na, ukipigwa na mvua za Novemba hadi Aprili, huvimba hata kitasa kisifunge, hivyo mwenye nyumba hulipia rangi na fundi mara kwa mara. Mninga uliokaushwa vizuri hutulia kwenye fremu na huhimili mchwa, ingawa uzito wake hudai bawaba imara zaidi. Kwa mlango unaoelekea mvua, ningelipia mninga bila kusita. Chini ya baraza lenye paa pana, msindano uliotiwa dawa unatosha.